UZI: Avenyu yetu Mugunga, mbuzi aliyekufa bila jeraha, na hadithi tulizoshindwa kuwapa wageni

#1 Mwalimu wa Mugunga (mwenye uzi)

Jambo sana wapendwa wa Goma, na ninyi mnaotusoma mkiwa mbali. Uzi huu ni mrefu, nitauleta kwa vipande kadiri simu itakavyokuwa na chaji.

Nakaa Mugunga, mtaa wa magharibi mwa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, pande za barabara ya kwenda Sake. Anayepajua anajua kwamba hapa watu wamepita juu ya watu kama lava inavyopita juu ya lava. Mwaka 1994 kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Rwanda ilikuwa hapa. Baadaye vita vya Masisi na Rutshuru vikatuletea ndugu zetu wenyewe, kambi ikifuata kambi. Volkano yetu Nyiragongo ilipokata mji Januari 2002, waliounguliwa na nyumba wakaja kutafuta parseli huku. Kisha zikaja kambi za Bulengo na Lushagala, na zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, wale ambao hawakuwa na kwa kurudia walibaki wakapanga vyumba vya mbao katikati yetu. Nikihesabu milango ya avenyu yetu leo, waliokuwepo siku nilipoolewa hapa ni milango minne tu.

Sasa kisa chenyewe. Kiangazi kilichopita familia moja ilipanga nyumba mwisho wa avenyu. Baba, mama, watoto watano na mbuzi wawili waliotembea nao njia yote. Kwa mtu aliyekimbia, mbuzi ndiyo akiba, ndiyo dawa ya mtoto, ndiyo minervali (karo ya shule) ya mkubwa wao. Wiki ya pili, asubuhi na mapema, wakamkuta mbuzi mmoja amelala kwenye shimo pana lililo nyuma ya parseli. Amekufa. Hana jeraha, hana povu mdomoni, tumbo halikuvimba.

Papa yule akasema: sumu. Na kwa sababu jirani wa ukuta kwa ukuta ni mtu wa kabila ambalo yeye alikuja akilikimbia, hakuuliza nani. Alijua. Kabla ya saa nne avenyu ilikuwa imegawanyika pande mbili. Vijana waliokuwa wakicheza mpira pamoja jana yake walisimama mbalimbali, na kuna mtu alishataja panga. Shefu wa nyumba kumi hakuwepo, alikuwa amekwenda mjini.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mzee anayeuza makala (mkaa) kwenye kona. Alikuja polepole na fimbo yake, hakuuliza nani kaua. Akaketi juu ya jiwe kubwa pale ukingoni akaanza kusimulia, kama mtu anayeongea na wajukuu wake. Kwamba alipokuwa msichana, pale chini palikuwa na majani mazuri ya mifugo. Kwamba baba yake aliwakataza kushuka kabla jua halijapanda, akisema kuna mazuku. Kwamba siku moja mbwa wao alishuka hakupanda tena, na mdogo wake wa kiume akamfuata mbwa. Baba akavuta pumzi, akaziba pua na mdomo, akashuka mbio akamshika mtoto mkono mmoja akampandisha. Mtoto alipona. Baba alikohoa siku nzima.

Watu walikuwa wamenyamaza. Mama akaomba mti mrefu na majani makavu. Akayafunga kwenye ncha, akayawasha, akamwambia kijana ayateremshe shimoni taratibu. Moto ulipofika usawa wa magoti ya mtu ukazimika, kama umetiwa ndani ya maji. Akasema washa tena. Ukazimika. Mara ya tatu alimpa mti papa mwenye mbuzi ateremshe kwa mkono wake mwenyewe.

#2 Mwalimu wa Mugunga

Naendelea. Kwa wasiojua: mazuku ni neno la huku kwetu, na wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanaliandika vilevile. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo usiku upepo ukitulia inateremka na kujaa mashimoni kama maji yanavyojaa bwawa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Ndiyo sababu mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi, au mtoto anayetambaa, anakufa.

Lakini sikufungua uzi kwa ajili ya gesi. Jambo ambalo halijanitoka moyoni ni hili: sisi wa ile milango minne tulikuwa tunajua. Wote. Mimi nafundisha watoto, na nilijua. Familia ile ilikaa siku kumi na kitu, tuliisalimu, tuliiambia karibuni, mmoja wetu aliipelekea hata bido (dumu) ya maji. Hakuna aliyewapa hadithi ya lile shimo. Tuliwapa ukaribisho wa mdomo tukabaki na mji wenyewe mikononi mwetu. Na pengo tuliloliacha likajazwa na sumu na kabila.

Ndipo tukaanza kukutana jioni kusimuliana. Nitaeleza ilivyokwenda, maana mwanzo ilikwenda vibaya.

#3 Mtu wa Chukudu

Aksanti mwalimu. Nimesoma nikasimama njiani na mzigo wangu juu ya chukudu, kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili. Swali moja tu: yule mbuzi alilipwa? Maana jirani aliyesingiziwa naye ana moyo.

#4 Kijana wa Himbi

Mwalimu nakuheshimu, ila niruhusu nipinge. Hadithi ndizo zilizotumaliza katika Kivu hii. Kila kundi lina hadithi ya nani alikuja kwanza, ardhi ilikuwa ya babu wa nani, nani mgeni. Watoto wanazinyonya kabla hawajajua kusoma. Ukiwakalisha watu jioni ukawaambia simulieni, utaamsha nini? Tunataka maji, kazi, usalama. Pia huku kwetu Himbi hakuna jioni ya kukaa: kuta za mawe mita tatu juu, nyaya, geti. Jirani yangu namjua kwa honi ya gari lake.

#5 Mwalimu wa Mugunga

Mtu wa Chukudu, nitakujibu, usiondoke.

Kijana wa Himbi, umesema kweli, na ningekuwa nimesoma maneno yako kabla ya jioni yetu ya kwanza ningejiepusha na aibu. Tulikusanyika kwa jirani mmoja, watu kama ishirini. Nikafungua kama nilivyozoea darasani: kila mtu ajitambulishe, aseme anatoka wapi na kwa nini alihama. Wa tatu alikuwa mzee wa heshima. Akaanza kuhesabu nani alikuta nani hapa. Mwingine akamkata. Mama mmoja aliinuka akajifunika kitenge usoni akatoka, na sikumfuata kwa sababu sikujua ningemwambia nini. Nilikuwa nimemwomba mbele ya watu asiowajua ataje waliomfukuza. Usiku ule sikulala.

Mama wa makala ndiye aliyenifundisha. Aliniambia: "Mwalimu, usiulize mtu alikotoka. Muulize hapa alipo amejua nini." Jioni ya pili tukaanza na mawe. Haya mawe meusi tunayojengea, yanayotoboa viatu, yametoka wapi? Kila aliye Goma amesimama juu yake, hakuna wa kumwambia mwenzake haya si yako. Tukasikia habari za tarehe 17 Januari 2002: lava ilivyoteremka ikapasua mji ikafika hadi ziwa Kivu, ilivyofunika kipande cha uwanja wa ndege, kanisa kuu la Saint-Joseph lilivyoungua, watu walivyovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa maelfu na baada ya siku chache wakarudi wakitembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto.

Halafu kijana mmoja, wala si mimi, akauliza swali ambalo mpaka leo ndilo tunalofungulia: ulibeba nini?

Jamani. Mzee mmoja fundi cherehani alibeba kichwa cha cherehani begani, akaiacha meza yake iungue. Mama mwingine alibeba godoro, kisha akamwachia mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa pale barabarani. Mwingine alifika Gisenyi akagundua ameshika ufunguo wa mlango tu, na nyumba yenyewe ilikuwa chini ya lava. Anao mpaka sasa, alitutolea tukaupitisha mkono kwa mkono. Ndipo yule mama wa mbuzi, ambaye tangu aje hakuwa amesema zaidi ya salamu, akasema: mimi nilibeba mbegu za maharage ndani ya sufuria, na sufuria kichwani. Akaeleza ni maharage ya aina gani, yanavyoiva haraka, mama yake alivyompa. Hakutaja vita. Hakutaja mtu. Wanawake watatu walimwomba mbegu palepale.

Kwa hiyo ndugu yangu, nakubaliana nawe: hadithi ya nani alikuja kwanza inaua. Lakini hiyo haitakoma kwa sisi kunyamaza, inasimuliwa kila siku nyuma ya milango. Ninachotafuta ni nyingine inayoweza kusikika mbele ya wote.

Mtu wa Chukudu: mbuzi hakulipwa, kwa sababu hakuna aliyemuua. Jirani aliyesingiziwa hakuja jioni mbili za kwanza, na alikuwa na haki. Papa yule alimfuata nyumbani kwake na wazee wawili, akaomba msamaha kwa desturi ya kwao. Waliyoyasema mle ndani ni yao. Nilichokiona ni kwamba wiki iliyofuata jirani alimwazima beberu wake, na yule mbuzi jike aliyebaki sasa amezaa.

#6 Munyanga

Wapendwa salamu. Mimi wa Walikale, sasa niko Ndosho. Nikisoma hapa nakumbuka karisi, hadithi ndefu za sisi Wanyanga, zile za shujaa Mwindo aliyezaliwa akitembea na kusema. Mtu akisikia "msimulizi" anafikiri ni mmoja anaongea na wengine wanasikiliza. Kwetu sivyo. Msimulizi anaimba, anacheza, vijana wanapiga mdundo pembeni, wasikilizaji wanaitikia na kurudia nyimbo, wanampa zawadi ndogondogo, na mtu akichoka hadithi inapumzika. Hadithi ile bila watu haiendi. Kwa hiyo mwalimu, nakushauri kama mdogo wako: usiache jioni zako zigeuke darasa. Mpe kila mtu kitu cha kufanya. Hata kupiga bido tupu kwa mkono.

#7 Mwalimu wa Mugunga

Kaka Munyanga, aksanti, bido zipo nyingi! Nasi tuligundua hilo kwa vitendawili. Siku moja mama mmoja alisema "Sakwe sakwe!" na watu wengi ambao sikujua wanajua Kinyarwanda wakajibu "Soma!" kwa sauti moja, kisha wakaangaliana. Wengine walikuwa wameficha lugha hiyo kwa miaka, kwa woga. Tukawaomba Wanande, Wahunde, Wahavu na Washi walete vitendawili vyao nao, kisha wavitafsiri kwa Kiswahili. Watoto walipenda jioni ile kuliko zote.

#8 Dada wa Kadutu (Bukavu)

Salama huko ng'ambo ya ziwa. Sisi Bukavu hatuna mazuku, tuna milima inayoteremka. Kadutu nyumba imepanda juu ya nyumba, mvua ikinyesha usiku hatulali. Wazee wanajua mahali palipowahi kuteleza, lakini mpangaji mpya anaoneshwa bei na garanti (pesa ya dhamana) tu. Nimekuwa nikifikiria kurekodi wazee kwa simu kabla hawajatutoka. Ninyi mnarekodi?

#9 Mwalimu wa Mugunga

Dada yangu, hapana, na niliumia kukubali. Tulijaribu mara moja. Simu ilipowekwa katikati, watu walianza kuongea kama wako mbele ya hakimu. Katika siku hizi, mtu hajui sauti yake itafika wapi. Tumeamua hivi: habari za mahali zinaandikwa kwenye daftari, habari za watu zinabaki masikioni. Daftari lina shimo la mazuku, lina nyufa ambazo hutoa joto, njia iliyokuwa ikienda ziwani, parseli ambazo maji ya mvua huingia. Halina jina la mtu hata moja. Mtu akihamia, mtoto wa shule anakwenda kumsomea, na mzee mmoja anamtembeza. Huko kwenu milima ingefaa sana, hata kurasa mbili.

#10 Mzee wa Birere

Wanangu, niseme neno. Nimeiona Nyiragongo ikilipuka 1977, 2002 na 2021. Msiamini hadithi moja. Kuna wazee wenzangu wanawaambia vijana: lava hutembea polepole, unaweza kufunga mizigo, hata kupika kwanza. Wanaongea juu ya 2002 ndani ya mji, na hapo ni kweli wengi waliipisha kwa miguu. Lakini tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililoko kileleni lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na kule mitelemkoni watu hawakuwa na nafasi ya kukimbia. Volkano ni ileile, Januari ni ileile, mwendo tofauti. Kijana aliyesikia moja tu anaweza kufa kwa sababu ya mzee mkweli. Kwa hiyo waleteni wazee wawili watatu, wapingane mbele yenu. Na waiteni wale wa kituo cha kuchunguza volkano waseme ya kwao.

#11 Mwalimu wa Mugunga

Papa, Mungu akuweke. Hili nimelinakili kwenye daftari kama ulivyolisema.

Nakumbuka 2021 kwa namna nyingine. Lava ya tarehe 22 Mei haikufika kwetu, ilisimama kule Buhene. Kisha ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, na asubuhi ya tarehe 27 amri ikatoka kwamba kartiye (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihame. Mji mzima ukapita mbele ya milango yetu kwenda Sake, magari, pikipiki, chukudu, magodoro kichwani. Radio trotwari, yaani uvumi wa barabarani, ikasema ziwa litalipuka usiku huo. Kwamba ziwa Kivu lina gesi nyingi chini yake ni kweli, ila tarehe na saa zilitungwa barabarani, na kila aliyepita aliongeza lake. Nilikuwa nimesimama pale na jagi la maji nikiwapa watoto waliopita. Hakuna aliyekuwa na muda wa kusikiliza mzee siku ile. Hadithi ya kukuokoa inabidi uwe umeisikia tayari, siku ya kawaida, ukiwa umeshiba.

#12 Kijana wa Himbi

Narudi. Baada ya uzi huu nilitoka jioni nikakaa na sentineli (mlinzi) wa geti letu. Ana miaka mingi kwenye mtaa huu, mimi nimemsalimu tu kila siku. Kumbe masentineli wa geti zote wanakutana saa moja jioni kwenye kona, wana jiko la makala na chai. Wao ndio kartiye! Wanajua nani anaumwa, nani kahama, nani kapangisha. Amenionyesha kwamba mahali pa ukuta wetu wa chini palikuwa njia ya watu kwenda kuchota maji ziwani, na akina mama wa juu sasa wanazunguka mbali na bido zao. Sikujua. Nimemwambia baba. Hajanijibu bado.

Sijabadili mawazo yote. Bado naogopa. Ila naweza kuja kusikiliza?

#13 Mtu wa Chukudu

Na mimi naweza? Ninapita huko kila Jumamosi na makala.

#14 Mwalimu wa Mugunga

Karibuni wote wawili. Jumamosi, salongo (kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa) ikimalizika watu wanarudi kuoga na kula, tunaanza saa kumi ili mwenye kutoka mbali afike kwake kabla ya giza. Njooni kwa barabara kubwa, ulizeni mama wa makala wa kona, kila mtoto atawaonyesha. Mje na kitu cha kukalia, mawe yetu ni makali.

Wiki hii hatutasimulia kwanza. Shimo tumeanza kulizungushia ukuta wa mawe, bila saruji, mawe juu ya mawe, na limebaki upande wa mashariki. Papa wa mbuzi na jirani yake wanapanga, vijana wanabeba. Juzi kuna wapangaji wapya walishusha vitu, na kabla sijafika kuwasalimu nilimkuta mtoto wa papa huyo, wa miaka tisa, amewasimamisha watoto wao pale ukingoni na kiberiti mkononi, anatafuta majani makavu. Nilimnyang'anya kiberiti. Hadithi nilimwacha amalize.

Kijana wa Himbi, kama sentineli wenu anapata ruhusa, mje naye.